Vielelezo Vidogo vya Kufundishia Nguvu za Majengo na Madaraja

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu baada ya kuyasikia, twawaomba kwanza mwangalie miguuni mwenu. Aliyevaa kandambili na avue mguu mmoja. Aliyevaa viatu vya ngozi na atafute kandambili kuukuu ya mtoto nyuma ya nyumba. Ni nyumba chache zisizokuwa nayo. Kiatu hicho kilichochakaa ndicho kitabu chetu cha kwanza jioni hii, na somo lililoandikwa ndani yake ni somo ambalo watu wamekufa kwa sababu halikujulikana.

Twataka kuzungumza habari ya kufundisha elimu ya uhandisi kwa vielelezo vidogo, vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani na vya njiani. Husemwa mara nyingi katika shule ya kwamba elimu hiyo haiwezi kufundishwa mpaka zije mashine kutoka ng'ambo, na jumba la kuzitia, na fedha za kulijenga jumba. Basi waalimu hungoja, na wanafunzi huandika ubaoni maneno wasiyoyaona. Sisi hatuzidharau mashine. Lakini tumekwisha kuona wanafunzi waliokariri vizuri kanuni ya boriti, kisha wakaulizwa boriti ile hupasukia upande gani, wakatazamana.

Haya, twaeni kandambili. Pigeni kwa kalamu ya wino mistari midogo ya wima ubavuni mwa soli, kutoka juu mpaka chini, kila mstari ukiwa mbali na mwenziwe kwa upana wa kidole. Kisha pigeni mstari mmoja mrefu wa kulala, katikati ya unene wa soli. Iwekeni kandambili juu ya matofali mawili kama daraja lilalavyo juu ya mto, mkaikandamize katikati. Angalieni mistari ya wima. Kwa juu yasogeleana, kwa chini yaachana. Maana yake ni kwamba upande wa juu wabanwa na upande wa chini wavutwa; na ule mstari mrefu wa katikati hapana atakayeuona ukirefuka wala ukifupika. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa elimu yote ya boriti, na mtoto wa miaka tisa ameyaona kwa macho yake katika muda wa kuhesabu mpaka ishirini.

Sasa geuzeni jambo. Ilazeni kandambili juu ya meza, nusu yake ikitokeza nje ya meza, mkaweke jiwe zito juu ya nusu iliyobaki. Kandamizeni ile ncha iliyo hewani. Tazameni tena mistari, hasa pale penye ukingo wa meza. Mambo yamepinduka: juu ndiko kunakovutwa, na chini ndiko kunakobanwa. Kiatu ni kile kile na kidole ni kile kile; kilichobadilika ni mahali pa kuegemea tu.

Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ya zege. Zege, yaani saruji na mchanga na kokoto zilizochanganywa na maji zikakauka, huvumilia sana kubanwa, bali kuvutwa halikuvumilii. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja tu katika kumi ya nguvu yake ya kubanwa. Ndiyo sababu fundi hutia nondo za chuma ndani yake: chuma kishike pale ambapo zege litavutwa. Katika boriti iliyolala juu ya kuta mbili, pahali hapo ni chini. Katika roshani iliyotokeza nje ya nyumba bila nguzo, pahali hapo ni juu. Mwenye kutia nondo za roshani chini amezitia mahali zisipokuwa na kazi, ni kana kwamba hakuzitia kabisa. Na roshani ya namna hiyo huweza kusimama mwaka, au miaka, mpaka siku ya arusi watu watakapojaa juu yake kutazama ngoma.

Tulipata kumwona fundi mmoja wa pwani, mtu mzima wa miaka mingi kazini, amezipanga nondo zote za roshani chini kabisa, karibu na mbao. Tukamwamkia, tukamwuliza kwa adabu. Akajibu, “Wanangu, nondo hukaa chini. Ndivyo alivyonifunza marehemu aliyenifunza, na nyumba zake zasimama hata leo.” Wala hakusema uongo: marehemu yule alikuwa mjenzi wa nyumba za boriti zilizolala juu ya kuta, na katika nyumba hizo maneno yake yalikuwa ya haki. Kubishana naye mbele ya vijana wake kungalikuwa ni kumvunjia heshima. Tukamwomba kandambili ya kibarua mmoja, tukapiga mistari, tukailaza juu ya ukuta na kumwomba mzee mwenyewe aikandamize kwa kidole chake. Aliikandamiza mara ya kwanza, akanyamaza. Akaikandamiza mara ya pili, akainama kuitazama kwa karibu. Kisha akawageukia vijana wake, akawaambia, “Zitoeni.” Siku ile zege halikumwagwa. Na siku ya pili, walipokuja kulimwaga, yeye mwenyewe alisimama hapo na fimbo akiwazuia vibarua wasizikanyage nondo za juu zisije zikashuka. Maana hilo nalo ni kosa, nondo kuwekwa mahali pake na kisha kushindiliwa chini kwa miguu ya wabeba karai.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mjini Dar es Salaam lilianguka, likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa 6 ilianguka Huruma katika mji wa Nairobi, wakafa watu wapatao 50. Hatusemi kwamba majengo hayo yaliangushwa na nondo zilizowekwa upande usiofaa. Sababu za kuanguka kwa nyumba ni nyingi, na nyingine hazimo katika ufundi bali katika tamaa. Twasema tu ya kwamba anayejua nguvu zapita wapi katika jengo, awe fundi au kibarua au mpangaji, aweza kuuliza swali kabla ya siku ya msiba.

Mwalimu apendaye kuwaonyesha wanafunzi wake nondo zenyewe, na asiharibu saruji, afanye hivi. Akusanye vibiriti vitupu sita, avipange mstari mmoja vikigusana barabara, kisha abandike utepe wa kitambaa kwa gundi ya unga wa ngano upande mmoja tu wa mstari ule, aache ukauke. Vibiriti ni zege, maana vyaweza kubanana lakini haviwezi kuvutana. Utepe ni nondo, maana waweza kuvutwa. Aulaze mstari juu ya matofali mawili, utepe ukiwa chini: utasimama, na utabeba kijiwe. Augeuze, utepe uwe juu: utafunguka kwa chini kama kinywa na kuanguka. Kisha akishike kibiriti cha mwisho juu ya meza na kuviacha vile vitano vitokeze hewani. Utepe ukiwa juu vitasimama, ukiwa chini vitaning'inia. Gharama ya somo hili ni kijiko kimoja cha unga.

Katika nyumba za mawe za Waswahili, kama zile za Lamu, vyumba ni virefu lakini ni vyembamba. Upana wake kwa kawaida hauzidi sana mita 3. Wageni wengine wamedhani ni desturi tu, au ni mapenzi ya wenyeji. Sababu yake kubwa ni mti wa mkoko. Dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti yaliwekwa mawe na chokaa, mzigo mzito sana. Basi upana wa chumba ukafuata kile ambacho boriti yaweza kubeba. Jambo hili huonekana kwa rula ya mbao ya shule. Ilazwe juu ya vikombe viwili vilivyo karibu, ikandamizwe. Vikombe viachanishwe mara mbili ya umbali ule, ikandamizwe tena kwa nguvu ile ile. Haitapinda mara mbili zaidi kama wanafunzi watakavyokisia, bali mara nane.

Kisha rula isimamishwe kwa ubavu wake mwembamba. Ikiwa upana wake ni sentimita 3 na unene wake ni milimita 3, basi kwa kusimama hivyo itakuwa ngumu kupinda mara 100 kuliko ilipolala, na nguvu yake ya kubeba itazidi mara 10, wala haikuongezwa mbao hata chembe. Seremala hujua jambo hili kwa mkono wake, ndiyo maana mbao za paa husimamishwa wala hazilazwi. Na karatasi moja ya daftari, ambayo ikilazwa juu ya vikombe viwili haiwezi kubeba hata kalamu, ikikunjwa kunjo nyembamba mfano wa bati hubeba kikombe cha chai. Tumelijaribu kwa kikombe kitupu kwanza, na twawashauri waalimu wengine wafanye vivyo hivyo.

Mkubwa katika habari hizi zote ni Benjamin Baker, mhandisi Mwingereza. Katika nchi ya Scotland kuna mlango wa bahari uitwao Forth, mpana na wenye kina kirefu, na ilitakiwa reli ivuke juu yake. Mhandisi Thomas Bouch alikwisha kupewa kazi hiyo. Lakini tarehe 28 Desemba 1879, usiku wa tufani, daraja jingine alilolijenga yeye juu ya mto Tay lilianguka pamoja na gari la moshi lililokuwa likipita, wala hakuokoka hata mtu mmoja aliyekuwamo. Ramani zake za Forth zikawekwa kando. Kazi wakapewa John Fowler na Baker, nao wakachagua namna ya daraja ambayo watu wengi hawakuielewa: minara mitatu mikubwa ya chuma cha pua, kila mmoja ukinyosha mikono miwili juu ya maji, na kati ya mkono na mkono kipande kifupi cha daraja kilichobebwa na ncha zao. Ujenzi ulianza mwaka 1882. Watu waliokuwa bado na huzuni ya Tay waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: mkono ulionyoshwa hewani utabebaje gari la moshi?

Mwaka 1887 Baker alitoa mhadhara katika Royal Institution mjini London. Aliwaonyesha wasikilizaji picha ya watu watatu. Wawili walikuwa wameketi vitini, mbalimbali, mikono yao imenyoshwa kulia na kushoto. Kila mkono ulishika fimbo, na ncha ya chini ya fimbo iliegemea kiti. Mikono yao ya nje ilifungwa na mafungu ya matofali kila upande. Kati ya mikono yao ya ndani kilining'inia kibao, na juu ya kibao ameketi mtu wa tatu, miguu haigusi chini. Mtu huyo ni Kaichi Watanabe, Mjapani aliyesoma uhandisi katika chuo kikuu cha Glasgow na aliyefanya kazi katika ujenzi wa daraja lenyewe. Watu wale wawili ni minara, mikono yao ni vyuma vya juu vinavyovutwa, fimbo ni mabomba ya chini yanayobanwa, matofali ni uzito wa nchi kavu uzuiao daraja lisiinuke upande wa nyuma. Daraja likafunguliwa tarehe 4 Machi 1890, likiwa na nafasi mbili kubwa za mita 521 kila moja na minara yenye urefu wa mita 110, na magari ya moshi yapita juu yake hata leo.

Katika vielelezo vyote tuvijuavyo, hiki twakipenda kuliko vingine, kwa sababu mwanafunzi hakitazami tu bali yeye mwenyewe ni sehemu yake. Aliyeketi kitini husikia mikono yake ikivutwa mabegani, husikia fimbo ikisukuma kiganja, wala hatasahau tena chuma gani chavutwa na chuma gani chabanwa. Vyahitajiwa viti viwili, mipini minne ya mafagio, ubao, kamba, na mchanga. Hesabu yake ni nyepesi. Mtoto wa katikati akiwa na kilo 30, kila mwenziwe abeba nusu, yaani kilo 15. Na ili asipinduke upande wa ndani, hana budi kuwa na uzito wa kilo 15 upande wake wa nje. Debe lililojaa mchanga huwa na kilo 30 au zaidi kidogo, basi nusu debe kila upande yatosha.

Mara ya kwanza tulipolifanya jaribio hili hatukupima. Tulitia mchanga kwa kukisia, vikopo vichache tu kila upande, maana tuliona haya kuwachelewesha wanafunzi waliokuwa na haraka. Mtoto alipoketi, wale wawili waliinamiana kama watu wanaosalimiana, na yeye akaanguka chini kwa makalio mbele ya darasa zima. Hakuumia, ila alinuna mpaka jioni. Wenzake walicheka sana, kisha mmoja akasema, “Mwalimu, matofali ya nyuma yamekuwa mepesi.” Neno hilo tulikusudia kulifundisha wiki ya pili.

Tokea siku ile tumeshika kawaida moja: kabla ya kuachia mzigo, kila mwanafunzi aseme atakavyoona yeye, juu au chini, atasimama au ataanguka, na jina lake liandikwe ubaoni kando ya neno lake. Aliyekisia vibaya hutazama kwa makini kuliko aliyekisia vizuri.

Ziko nguvu mbili, ya kuvuta na ya kubana, na wanafunzi wengi hudhani zafanana, moja ni kinyume cha nyingine basi. Sivyo. Twaa kijiti kimoja cha fagio la chelewa, ukivute kwa mikono miwili: hutaweza kukikata kwa urahisi. Sasa kisimamishe juu ya mizani ya duka, ukikandamize kwa kidole kutoka juu. Kabla hakijafika uzito wa kutajika, hutoroka kwa ubavu, kikapinda kama upinde, kisha chavunjika. Kikate nusu, ukikandamize tena: sasa kitavumilia mara nne. Hakikuvunjika kwa kuwa dhaifu, bali kwa kuwa kirefu na chembamba.

Kisa cha jambo hili kiko Kanada. Huko Quebec, juu ya mto wa St Lawrence, lilikuwa likijengwa daraja la namna ile ile ya Forth, lakini nafasi yake kubwa ilikusudiwa kuwa mita 549, ipite ile ya Forth. Kwanza ilipangwa kuwa fupi kuliko hapo; ikarefushwa, wala uzito wa chuma kilichoongezeka haukuhesabiwa upya kwa wakati. Vyuma vya chini, vile vinavyobanwa, vilikuwa kila kimoja ni bamba nne ndefu zilizosimama sambamba na kufungamanishwa kwa vyuma vyembamba vya kukingama. Katika mwezi wa Agosti 1907 wasimamizi waliona ya kwamba baadhi ya vyuma hivyo vimeanza kupinda. Mmoja wao alisafiri mpaka New York kumpa habari mhandisi mkuu, Theodore Cooper. Cooper akapeleka simu ya kwamba mzigo usiongezwe, lakini haikufika kwa wajenzi kwa wakati. Tarehe 29 Agosti 1907, kazi ya siku ikikaribia kwisha, chuma kimoja cha chini kilijikunja, na upande mzima wa kusini ukaanguka mtoni. Watu 75 walikufa. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja, Kahnawake, mabingwa wa kazi ya chuma ya juu. Daraja lilikwisha mwaka 1917, baada ya kipande cha katikati nacho kuanguka wakati wa kupandishwa mwaka 1916 na kuua watu 13.

Chukueni vijiti vinne vya chelewa, mvifunge pamoja kwa uzi, vifundo vikiwa karibu karibu na vimekazwa. Chukueni vingine vinne vya urefu ule ule, mvifunge kwa vifundo viwili tu, vilegelege. Kandamizeni vyote. Fungu la kwanza ni kama nguzo moja nene. La pili ni vijiti vinne vinavyopinda kila kimoja kwa njia yake. Vijiti ni vile vile, idadi ni ile ile. Tume ya serikali iliyochunguza msiba wa Quebec ilionyesha ya kwamba vile vyuma vya kufungamanisha vilikuwa dhaifu mno.

Wasiopenda habari za misiba watapenda habari ya mkufu. Mwaka 1675 Robert Hooke, mtaalamu wa London, alichapisha siri yake kwa herufi zilizovurugwa makusudi ili mtu asimwibie. Nayo ilikuja kufumbuliwa mwaka 1705, yeye amekwisha kufa. Siri yenyewe ilikuwa hii: umbo ambalo mkufu hulifanya unaponing'inia, ukilipindua juu chini, ndilo umbo ambalo tao la mawe lapaswa kusimama nalo. Katika mkufu unaoning'inia kila pete yavutwa na haipindi. Ukipinduliwa, kila jiwe labanwa na halipindi. Na jiwe hupenda kubanwa.

Neno hilo liliwahi kutumika katika jambo kubwa. Kuba la kanisa la Petro Mtakatifu mjini Roma lilipoonekana lina nyufa, katika miaka ya 1740, Giovanni Poleni, profesa wa Padova, alitundika uzi na kuufunga vipande vya risasi, kila kimoja kikiwa na uzito wa kadiri ya sehemu yake ya kuba. Akaupindua mchoro wa uzi ule, akauweka juu ya mchoro wa kuba, akaona umeingia wote ndani ya unene wa ukuta. Basi akatoa shauri ya kwamba kuba halitaanguka, ila lizungushiwe pete za chuma zaidi. Na kitabu chake kikatoka mwaka 1748. Mhispania Antoni Gaudí naye alitundika nyuzi nyingi sana na vifuko vya risasi miaka mingi ili apate umbo la kanisa la Colònia Güell karibu na Barcelona; ujenzi ulianza mwaka 1908, ukaachwa mwaka 1914, na sehemu ya chini ndiyo peke yake iliyosimama.

Kwetu hapana haja ya kwenda mbali ili kuona makuba. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika sehemu yake iliyoongezwa kuelekea kusini, una matao na makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo mengine yamesimama tangu karne ya 15. Na mwalimu wa popote aweza kujenga tao lake. Atundike mkufu juu ya ukuta, afuate umbo lake kwa mkaa, alikate katika karatasi ngumu na kulipindua. Ashindilie lundo la mchanga mbichi kwa umbo hilo, ajenge juu yake vitofali vidogo vya udongo vilivyokauka, kisha auondoe mchanga polepole kwa kijiko. Wanafunzi washike miguu ya tao kwa viganja, maana kama hakuna wa kuishika itateleza nje na tao litaporomoka. Watausikia msukumo ule mkononi, nao wataelewa kwa nini kuta za pembeni za jengo la makuba huwa nene vile.

Tumesema mengi ya kuvisifu vielelezo, na sasa hatuna budi kusema neno la kuvipinga, kwa kuwa tumeona watu wakidanganywa navyo. Kielelezo chaonyesha nguvu zapita njia gani. Hakionyeshi nguzo ya nyumba halisi iwe nene kiasi gani. Tuseme umetengeneza nyumba ndogo, kila kipimo ni sehemu moja katika kumi ya nyumba kubwa. Eneo la mkato wa kila nguzo limepungua mara 100, kwa kuwa upana na unene vyote viwili vimepungua mara kumi. Lakini uzito wa nyumba umepungua mara 1,000, kwa kuwa urefu nao umepungua. Kwa hiyo kila inchi ya mraba ya nguzo katika nyumba kubwa yabeba mara kumi ya ile ya nyumba ndogo. Galileo aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1638, akachora mfupa wa mnyama mkubwa kuonyesha jinsi upasavyo kunenepa kupita kiasi ili umchukue mwenyewe.

Hata jambo hili lina kielelezo chake, nacho ni udongo wa kufinyangia, ule mbichi wa wafinyanzi. Finyanga kijiti kinene kama kidole gumba, ukitokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, urefu kama unene wake mara mbili: kitasimama. Finyanga kingine kwa udongo ule ule, umbo lile lile, lakini kila kipimo kikuzwe mara tano, sita. Hicho kikubwa huinamisha kichwa chenyewe bila kuguswa. Jaribio hili lafaa kufanywa mwisho wa siku, maana meza itachafuka; na udongo usitupwe, tutautaka tena.

Katika mazungumzo yajayo, tutasema habari za maji yapitayo katika mifereji na mabomba. Wenye kutaka kufuatana nasi wawe na madebe mawili, mpira wa bomba wenye urefu wa hatua tatu, na chupa ya kupimia. Na kama mpira hauna budi kuazimwa kwa jirani, uazimwe mapema.